Wachezaji wa Kujileta

Kwenye tamthilia huwa kuna mtu ambaye mhakiki hamtaji kamwe. Anaingia amebeba sinia, analiweka mezani, anatoka. Hana hata neno moja la kusema. Kwa Kiingereza nafasi ya namna hiyo huitwa "walk-on", nafasi ya kuingia na kupita. Neno hilohilo Wamarekani wanalitumia kwenye futiboli ya vyuo vikuu kwa mwanafunzi anayechezea timu ya chuo chake bila ufadhili wa michezo. Kiswahili hatuna jina lake, kwa hiyo humu nitawaita wachezaji wa kujileta, nikimfikiria yule mgeni aliyejileta shughulini bila kadi na mwishowe akajikuta jikoni anaosha masufuria.

Futiboli ninayoisema ni ile ya helmeti na mpira wenye umbo la yai, siyo kandanda. Na kule Marekani timu za vyuo si jambo la kunyoosha viungo jioni baada ya masomo. Viwanja vikubwa vinajaza watu 80,000, vingine zaidi ya 100,000. Makocha wanalipwa mamilioni ya dola. Kijana wa sekondari mwenye kipaji anafuatwa mpaka nyumbani, kocha anakaa kwenye kochi la mama yake na kuahidi ufadhili: karo, chumba, chakula, vitabu. Kwa miaka 30 hivi, chuo kikubwa kiliruhusiwa kutoa ufadhili huo kwa wachezaji 85 tu. Lakini ukienda mazoezini ukahesabu vichwa, unapata 110, 120, wakati mwingine zaidi. Hao waliozidi 85 ndio ninaowaandikia. Wengine walijitokeza siku ya majaribio hakuna aliyewajua. Wengine kocha aliwaambia kabisa, njoo, nafasi ipo, ila pesa hakuna. Wote wanajilipia, au mzazi analipa, au ni mkopo.

Ninachotaka kusema ni hiki. Kwa miaka karibu 70 vyuo vya Marekani vimeshikilia kwamba wachezaji wao ni wanafunzi kwanza, wanaocheza kwa mapenzi. Kwa nyota wengi maneno hayo yalikuwa kanzu ya kuazima. Mchezaji wa kujileta ndiye ambaye kanzu ilimkaa sawasawa, na ndiye aliyepewa kidogo kuliko wote.

Wengi wetu tulimjua kupitia filamu. Rudy ilitoka mwaka 1993, imeongozwa na David Anspaugh, mwandishi wake Angelo Pizzo, na Sean Astin akacheza kama Daniel Ruettiger, kijana wa Joliet, Illinois, mtoto wa tatu kati ya 14. Kama hujaiona, kisa chake ni hiki: kijana mfupi, futi tano na inchi sita, asiye na kipaji kikubwa wala alama nzuri darasani, anaota kuchezea Notre Dame. Anapita jeshi la majini, anasoma kwanza chuo kidogo jirani na Notre Dame kiitwacho Holy Cross, anakataliwa, anaomba tena, anakubaliwa. Anajileta kwenye timu, na kikosi cha mazoezi kinampokea. Tarehe 8 Novemba 1975, mechi ya mwisho ya nyumbani, dhidi ya Georgia Tech, kocha anamwingiza dakika zimeisha, na mchezo wa mwisho kabisa anamwangusha kwotabeki wa wapinzani. Matokeo 24 kwa 3. Wenzake wakambeba mabegani. Hayo yote yalitokea kweli.

Kilichotiwa chumvi ni lile tukio linalowaliza watu. Wachezaji wanaingia mmoja mmoja ofisini kwa kocha Dan Devine, kila mtu anaweka jezi yake mezani na kusema Rudy acheze badala yake. Halikutokea. Joe Montana, ambaye wakati ule alikuwa kijana kwenye timu hiyohiyo, amelisema hadharani. Devine mwenyewe alikubali kufanywa mtu mbaya wa hadithi ili kumsaidia Ruettiger filamu yake itengenezwe, na nadhani hakutarajia atavaa ubaya huo maisha yake yote.

Mimi sina ugomvi na uongo wa jezi. Hadithi ina haki ya kudanganya. Ninachogombana nacho ni kipimo. Filamu haiwezi kumaliza mpaka Rudy aingie uwanjani Jumamosi mbele ya watu, kwa sababu bila hilo mtazamaji atahisi ameibiwa tiketi yake. Kwa hiyo miaka miwili ya Jumanne na Jumatano inageuka kuwa ngazi tu ya kupandia kwenye ile nusu dakika. Tena linganisha na kisa cha Texas A&M. Tarehe 2 Januari 1922, Dallas, timu yao ilikuwa inaumizwa mchezaji baada ya mchezaji ilipokutana na Centre College. Kocha Dana X. Bible akamwita mwanafunzi E. King Gill, ambaye alikuwa ameachana na futiboli na kuhamia mpira wa kikapu, siku hiyo yuko jukwaani anawasaidia waandishi wa habari. Gill akavaa nguo za mchezaji aliyeumia, akasimama pembeni ya uwanja, tayari. A&M wakashinda 22 kwa 14. Gill hakuingia. Alisimama tu. Leo ana sanamu chuoni, na wanafunzi wa pale husimama mechi nzima kwa ajili yake. Mwaka 1983 kocha Jackie Sherrill akaligeuza jambo hilo kuwa kazi: akaunda kikosi cha kuanzisha mpira kilichojaa wanafunzi wa kujileta. Texas hawakuhitaji Gill acheze ndipo wamkumbuke. Hollywood isingeweza kuiuza hiyo.

Sasa hizo Jumanne. Kazi kubwa ya mchezaji wa kujileta iko huko, na ni watu wachache sana wanaoiona, kwa hiyo nikae hapo kidogo.

Mechi ni Jumamosi. Jumapili makocha wanatazama picha za mpinzani ajaye, wanahesabu anapenda kufanya nini akiwa karibu na goli, akiwa amebakiza yadi tatu, akiwa ameshikwa. Mbinu hizo zinachorwa kwenye kadi kubwa. Kuanzia Jumanne kocha msaidizi anasimama mbele ya kikosi cha mazoezi, ambacho wengi wao ni wa kujileta pamoja na vijana wa mwaka wa kwanza, anainua kadi. Wanaisoma kwa sekunde chache, wanajipanga, wanacheza kama yule mpinzani. Kadi inashuka, nyingine inapanda. Wiki hii wewe ni Michigan. Wiki ijayo wewe ni timu nyingine kabisa, yenye namna nyingine ya kukimbia, kuzuia, na hata kuita mchezo. Mpinzani akiwa na mkimbiaji hatari, mmoja wenu anapewa namba ya jezi yake, na siku tatu nzima anajaribu kukata kona kama yeye, kusita kama yeye.

Yaani ni mwigizaji. Na ni mwigizaji mwenye shida ya peke yake. Akiigiza vibaya, beki wa timu yake ataingia Jumamosi akiwa amejifunza uongo, na watu 80,000 watashuhudia. Akiigiza vizuri mno, akampita beki mwenye ufadhili mbele ya kocha, mchezo utarudiwa, na safari hii beki yule anakuja na hasira. Hapewi hata nafasi ya kuwa mzuri kwa namna yake. Uzuri wake ni kufanana na mtu mwingine, halafu Jumamosi mtu huyo halisi anakuja na yeye anatazama kutoka pembeni, au kutoka jukwaani, kwa sababu mechi za ugenini wengi wao hawasafiri.

Kumbukumbu za mchezo huu zimeandikwa kwa Jumamosi. Kuna yadi za kila mkimbiaji tangu zamani, kuna pasi zilizoshikwa na zilizodondoka. Mazoezi hayana rekodi ya namna hiyo. Ndiyo maana historia ya watu hawa inabidi uitafute kwenye sheria, kwenye kesi, na kwenye kanuni zinazobadilishwa, pale ambapo mtu asiyehesabika analazimika kuhesabiwa.

Mwaka 1956 NCAA, chombo kinachoongoza michezo ya vyuo, kiliruhusu rasmi vyuo kumlipia mchezaji masomo kwa sababu ya mchezo wenyewe, bila kuangalia hali ya kwao wala alama zake. Hapo ndipo mstari ulipochorwa: kuna aliyelipiwa na kuna aliyejileta. Miaka hiyohiyo neno la "mwanafunzi-mwanamichezo" likaanza kusukumwa kwenye kila karatasi. Kisa chake kinasikitisha. Mwaka 1955 Ray Dennison, aliyekuwa akichezea chuo cha Fort Lewis A&M huko Colorado, alifariki kwa jeraha la kichwa alilolipata kwenye mechi. Mjane wake akadai fidia kama mke wa mfanyakazi aliyefia kazini. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya Colorado ikamkatalia: chuo hakikuwa kwenye biashara ya futiboli. Walter Byers, aliyeiongoza NCAA kwa zaidi ya miongo mitatu, alikuja kukiri kwenye kitabu chake cha mwaka 1995 kwamba neno lile lilitungwa kwa hofu ya madai ya aina hiyo. Neno zuri, lina harufu ya maktaba na jasho la halali. Lilizaliwa kwa ajili ya kumnyima mjane.

Sasa tazama jinsi mlango wa kujileta ulivyotumika na watu ambao mlango wa ufadhili ulifungwa mbele yao. Tarehe 11 Juni 1963, gavana George Wallace alisimama mlangoni mwa Foster Auditorium, Chuo Kikuu cha Alabama, kuwazuia Vivian Malone na James Hood, wanafunzi weusi, wasijiandikishe. Nadra watu kukumbuka kwamba jengo lile lilikuwa pia ukumbi wa mpira wa kikapu. Siku hiyohiyo Wallace akasogea, wanafunzi wakaingia. Lakini timu ya futiboli, chini ya kocha Bear Bryant, ikabaki nyeupe kama chokaa. Ufadhili unatoka kwa kocha: lazima yeye akuchague. Na Bryant hakuwa amechagua mtu mweusi hata mmoja.

Kujileta hakuhitaji kuchaguliwa. Kunahitaji uende ugonge mlango. Masika ya mwaka 1967 wanafunzi watano weusi waligonga. Majina yao ni Dock Rone, Andrew Pernell, Jerome Tucker, Melvin Leverett na Arthur Dunning. Rone alimwendea Bryant mwenyewe akamwambia anataka kujaribu. Bryant hakumkatalia. Wakafanya mazoezi ya masika pamoja na timu ile, na Pernell na Tucker wakafika mpaka kwenye mechi ya ndani inayofunga mazoezi hayo. Hakuna hata mmoja wao aliyecheza mechi ya msimu.

Historia ya wengi inaruka kutoka hapo mpaka Septemba 12, 1970, pale USC ilipokuja Birmingham na kuichapa Alabama 42 kwa 21, mkimbiaji mweusi Sam Cunningham akiwapita kama wamesimama. Hadithi inayosimuliwa, na inasimuliwa vizuri sana na wapenzi wa Bryant, ni kwamba usiku ule Alabama ilifunguka macho. Tatizo ni kalenda. Wilbur Jackson, mweusi wa kwanza kupewa ufadhili na Bryant, alikuwa tayari yuko chuoni usiku ule, anatazama tu kwa kuwa wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kucheza. Na mwaka mmoja kabla, Julai 1969, chama cha wanafunzi weusi wa chuo kilikuwa kimempeleka Bryant na chuo mahakamani kwa kutosajili wachezaji weusi, wakili wao akiwa U.W. Clemon. Na kabla ya kesi walikuwepo wale watano. Nyota mmoja mwenye yadi nyingi ni rahisi kusimulia. Vijana watano waliojilipia karo, wakapigwa mwezi mzima kwenye mazoezi na kuondoka bila jezi ya msimu, ni kazi ngumu kidogo. Lakini wao ndio walioondoa kisingizio. Baada yao hakuna aliyeweza kusema kwamba weusi hawataki kuja Alabama.

Nikirudi kwenye kanuni. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 vyuo tajiri viliweza kumlipia yeyote waliyemtaka, hata kama nia ilikuwa tu asichukuliwe na jirani. Mwaka 1973 NCAA ikaweka kikomo cha ufadhili 105. Mwaka 1978 kikashuka kuwa 95. Miaka ya mwanzo ya 1990 kikapunguzwa hatua kwa hatua hadi 85 mwaka 1994. Gharama zilikuwa zinapanda, na baada ya sheria ya mwaka 1972 ya usawa wa kijinsia vyuo vilitakiwa kuwawekea fungu wanawake pia. Mazoezi lakini hayakupungua. Kila kikomo kiliposhuka, pengo likajazwa na mtu asiyelipiwa.

Aliyeelewa hesabu hiyo kuliko wote ni Tom Osborne wa Nebraska. Nebraska ni jimbo la mahindi na ng'ombe, watu wake ni milioni 2 hivi, halina timu hata moja kwenye ligi kuu ya kulipwa ya futiboli, na chuo kikuu chake kilichoko Lincoln ndicho pekee kwenye daraja la juu. Uwanja wake umejaa kila mechi tangu mwaka 1962, mwaka aliofika kocha Bob Devaney. Osborne alimrithi mwaka 1973, akakaa misimu 25, hakuna msimu alioshinda chini ya mechi tisa, na akachukua ubingwa wa taifa mwaka 1994, 1995 na 1997. Jimbo lenyewe halizai wachezaji wa kutosha wa kiwango hicho. Kwa hiyo Osborne alifanya jambo ambalo wakulima walilielewa mara moja: alivundika. Unamchukua kijana wa kijiji chenye watu mia chache, ana mifupa lakini hana nyama, ana juhudi lakini hana kasi. Mwaka wa kwanza hachezi kabisa. Analishwa, ananyanyua vyuma kwa Boyd Epley, ambaye tangu 1969 alikuwa ameifanya kazi ya mkufunzi wa nguvu iwe kazi rasmi pale chuoni. Mwaka wa pili, kikosi cha mazoezi. Mwaka wa nne unafunua majani, ndizi imeiva.

Siri nyingine ilikuwa kwenye mpango wa mazoezi. Kwenye timu nyingi kikosi cha kwanza kinafanya mazoezi na wengine wanatazama. Osborne aliendesha vituo kadhaa kwa wakati mmoja uwanjani, hivyo hata mtu wa kikosi cha tatu au cha nne alirudia michezo ileile, mara ileile, siku ileile. Unahitaji watu wengi ili ufanye hivyo, na ufadhili haukutosha kuwalipa. Waliojileta ndio walioufanya mpango uwezekane. Kulikuwa na misimu orodha ya Nebraska ilizidi wachezaji 150.

Kati yao walitoka watu wakubwa. Isaiah Moses Hipp, ambaye watu walimwita I.M., alijileta kutoka South Carolina, na mwaka 1977 akakimbia yadi 254 dhidi ya Indiana, rekodi ya chuo wakati huo. Derrie Nelson wa kijiji cha Fairmont alichaguliwa timu bora ya taifa mwaka 1980. Jared Tomich alifanya hivyo katikati ya miaka ya 1990. Lakini mimi navutiwa zaidi na hesabu ya upande wa pili: kwa kila Hipp kulikuwa na makumi waliobaki kwenye kadi za Jumanne mpaka wakahitimu. Wakarudi vijijini kwao kuwa walimu, makocha wa sekondari, wakulima, na mji mzima ukajua fulani alikuwa kwenye timu ya Osborne. Nimewahi kusikia watu wakiuita mpango huo unyonyaji, na sitabisha moja kwa moja. Familia zililipa karo ili mtoto wao apigwe na watoto wa wenzao waliolipiwa. Hata hivyo nikiangalia ni wapi kwingine kijana yule angepata kulishwa, kufundishwa na kuitwa kwa jina lake mbele ya bingwa wa taifa, naona mkataba wenye nafuu kidogo kuliko unavyoonekana kwenye karatasi. Kidogo.

Waliochoka na mkataba huo walikwenda mahakamani. Mwaka 2004 wachezaji wa kujileta walifungua kesi kwenye mahakama ya shirikisho ya Seattle wakidai kwamba kikomo cha 85 ni njama ya vyuo ya kununua jasho kwa bei ya bure. Mwaka 2006 jaji alikataa wasishtaki kwa pamoja kama kundi, na kesi ikaishiwa nguvu. Jibu la kikatili zaidi, nadhani bila kukusudia, lilikuja mwaka 2014. Wachezaji wa Northwestern, wakiongozwa na Kain Colter, waliomba kuunda chama cha wafanyakazi. Mkurugenzi wa kanda wa bodi ya kazi akatazama ratiba zao, akaona saa 40 hadi 50 kwa wiki wakati wa msimu, akaamua: hawa ni wafanyakazi. Lakini timu ilikuwa na wachezaji 112, na uamuzi uliwahusu 85. Waliojileta waliachwa nje kwa kuwa hawakulipwa chochote. Saa zilikuwa zilezile, helmeti zilezile, mtikisiko wa ubongo uleule. Hukuwa mfanyakazi kwa sababu ulifanya kazi bure. Mwaka uliofuata bodi ya taifa ikakataa kulishughulikia suala zima, chama hakikuundwa, lakini ile aya kuhusu wa kujileta imebaki pale kwa yeyote anayetaka kuisoma.

Upande mwingine, miaka hiyohiyo ilikuwa ya neema kwa wachache wao. J.J. Watt aliacha ufadhili Central Michigan, akapeleka piza majumbani, akajileta Wisconsin, na baadaye akawa beki bora wa ligi ya kulipwa mara tatu. Hunter Renfrow, aliyejileta Clemson, alidaka pasi ya ushindi imebaki sekunde moja, Januari 2017, Alabama wakalala 35 kwa 31. Stetson Bennett alijileta Georgia, akaondoka, akarudi, akachukua mataji mawili mfululizo. Halafu Baker Mayfield, na huyu kisa chake kina mzaha wa kisheria. Alijileta Texas Tech, kisha Oklahoma. Kanuni za ligi yao zilimkata mwaka mmoja wa kucheza kwa kuhama, kana kwamba kuna mtu alikuwa amemlipia. Juni 2016 ligi ilibadili kanuni kwa ajili ya waliojileta wasiopewa ofa ya ufadhili na chuo chao cha kwanza, Mayfield akarudishiwa mwaka wake. Mwaka huohuo aliorudishiwa, 2017, ndio aliochukua tuzo ya Heisman, na mwaka 2018 akawa mchezaji wa kwanza kuchaguliwa kwenda ligi ya kulipwa.

Kila mmoja wao akishinda, televisheni hurudi kwenye Rudy. Namwelewa mtangazaji, ana sekunde 15.

Kisha pesa zikaja waziwazi. Tarehe 6 Juni 2025 jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA: dola bilioni 2.8 hivi za fidia kwa wachezaji wa nyuma, na kwa mara ya kwanza vyuo vikaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 hivi kwa kila chuo mwaka wa kwanza. Mimi niliifurahia hukumu hiyo na bado naifurahia. Mjane wa Dennison alistahili kuiona. Ila ndani yake kulikuwa na kifungu kidogo: kikomo cha ufadhili kikaondolewa, na mahali pake kikawekwa kikomo cha orodha. Wachezaji wa futiboli 105, basi. Chuo kinaweza kuwalipia wote 105, na wa 106 hana pa kusimama hata akijilipia kila senti. Mawakili wa pande zote mbili walikuwa wamekubaliana. Waliojileta hawakuwa upande wowote.

Vyuo vingine havikungoja hata idhini. Vijana wakaitwa ofisini na kuambiwa nafasi zao zimekwisha. Ndipo wakaandika barua za pingamizi kwa jaji, wao na wazazi wao, na kwa mara ya kwanza sauti yao ikasimamisha kitu: Aprili 2025 Wilken alikataa kuidhinisha mpaka hao waliokwisha kuwa kwenye timu wapatiwe ulinzi. Wakapatiwa. Kila chuo kikatakiwa kuandika orodha ya walioondolewa, au ambao wangeondolewa, kwa sababu ya kikomo kipya, na aliyeandikwa humo hahesabiwi kwenye 105 kwa miaka yote aliyobakiza ya kucheza, hata akihamia chuo kingine. Hakuna kocha anayelazimishwa kumrudisha. Hakuna jina jipya linaloongezwa. Wa mwisho kati yao akimaliza miaka yake ya kucheza, orodha itafungwa, na Jumanne ile kikosi cha mazoezi kitakuwa na watu waliohesabiwa tu.